Kiyoyozi cha Bi Zuhura

Yusta mwanangu,

Mama yako amekutuma Kitandililo ukamuage shangazi yako, na najua shangazi yako hakuachii mpaka umekula viazi na kusikiliza habari za ng'ombe wake wote. Kwa hiyo nina muda. Jua bado halijazama, ila ukungu umeshaanza kuteremka upande wa mashine za mbao, na nimevaa lile koti ambalo huwa mnanicheka nikilivaa.

Kesho asubuhi unapanda basi. Mambo ya nauli, ya kushika mkoba, ya kuchemsha maji na kutotembea hovyo, mama yako ameyasema wiki nzima na siyarudii. Hata ningetaka kukueleza habari za Dar es Salaam ningekudanganya, kwa sababu sijawahi kufika. Safari ya Dar niliianza mara moja tu maishani mwangu, na sikufika hata Mikumi.

Hiyo ndiyo safari ninayotaka kukueleza. Jumapili, tulipotoka kanisani, uliniambia umepata nafasi kwa watu wanaofunga viyoyozi, nami nikanyamaza. Nilikuona unavyoniangalia. Ulidhani sikupendezwa. Nilipendezwa, Yusta, ila nilikuwa nimerudi mbali, na midomo yangu haikupata neno.

Wakati ule ulikuwa darasa la nne. Mimi nilikuwa nimepunguzwa kazi karakana ya reli, pamoja na wenzangu wengi, na kila mtu alikuwa anatafuta pa kushika. Ilikuwa ni ile miaka ambayo maduka yalifunguka kila kona ya Makambako, mitumba ikashuka kwa marobota, majokofu yaliyotumika Ulaya yakaja yamepangwa kwenye malori kama magunia ya mahindi. Nilichokijua mimi ni mota na majokofu. Nikafungua kile kibanda karibu na njia panda ya Songea. Ulikuwa unakuja pale ukitoka shule, unakaa juu ya mota iliyokufa na kula karanga.

Bwana Salehe unamkumbuka, mwenye malori. Watu wa kwao walitoka Tanga, lakini yeye alikulia hapa hapa, na mama yake, Bi Zuhura, alikuwa amekaa Makambako miaka mingi kiasi kwamba alikuwa akiingia sokoni anawasalimu akina mama wa Kibena "kamwene" kabla hata hawajamwamkia. Alikuwa mama mnene, mcheshi, anayependa kukaa mlangoni kwake na kuuliza kila apitaye anakwenda wapi.

Basi, wazungu waliokuwa wakipima mawe kule Liganga walipomaliza kazi yao waliuza vitu, na Bwana Salehe akanunua nyumba yao ya magurudumu. Hiyo labda unaikumbuka, maana watoto wote mlikuwa mkiizunguka. Tela jeupe, lenye kitanda, meza ya kukunja, jiko dogo, na juu ya paa kiyoyozi. Mbele, pale inapofungwa kwenye gari, kulikuwa na jenereta ndogo ya petroli. Watu walimcheka. Kiyoyozi Makambako! Hapa ambapo Julai tunalala na soksi!

Yeye alifikiri atalikodisha kwa wataalamu wa barabara. Lakini kabla hajapata mteja, Bi Zuhura akaanza kuumwa. Miguu ilivimba, akawa hawezi kulala chali, akitembea kutoka kitandani mpaka mlangoni anahema kama aliyepanda mlima. Wakampeleka Njombe. Daktari akawaambia ni moyo, na kwamba apelekwe Dar es Salaam kwa wataalamu, mapema. Ila akaongeza kwamba joto la njiani litamlemea sana, wajitahidi asipate joto.

Siku hiyo hiyo Bwana Salehe akaja kibandani kwangu.

"Fundi, kile kiyoyozi cha kwenye tela kinafanya kazi?"

"Sijui, Bwana Salehe. Tukakijaribu."

Tulikijaribu mbele ya watu, na hiyo ilikuwa aibu. Jenereta ilinguruma vizuri, taa ikawaka, feni ikazunguka. Kompresa ilipotaka kuanza, jenereta ikaguna, taa ikafifia mpaka ikawa nyekundu kama kaa la moto, kisha kila kitu kikazima. Tukarudia. Ikazima. Madereva wa malori waliokuwa wamekaa kwenye kivuli cha gesti wakapiga makofi.

Wewe haya unayajua, lakini nayaandika kwa sababu wakati ule sikuwa na mtu wa kumweleza. Mota inapoanza inataka umeme mwingi mno kuliko inaotumia ikishashika mwendo. Ni kama mtu aliyeshtuliwa usingizini kwa kelele, anaruka na kuangusha kila kilicho karibu. Jenereta ile ilitosha kabisa kuendesha kiyoyozi kile. Haikutosha kukiamsha. Na huku kwetu juu, hewa nyepesi, injini yenyewe inapungua nguvu. Wazungu nadhani walikuwa na jenereta nyingine kubwa zaidi wakaondoka nayo.

Kununua kubwa ilikuwa ni kusubiri itoke mbali. Nikamkumbuka dereva mmoja wa Ndola ambaye alikuwa analala hapa kila akipita. Alishaniambia kwamba migodini kwao wana vifaa vya kuwashia mota taratibu, stata za polepole, hata ndogo ndogo zipo. Nikamchorea, nikamwandikia maneno ya kwenye kibao cha kompresa. Alipopita tena akaniletea kiboksi cha kijivu kinachoenea kiganjani. Nilikifungua na kukifunga, nikakaa nacho ndani kwa woga kwanza. Sikuwa nimewahi kufunga kitu kama kile. Mama yako akaniangalia, akasema, "Baba Yusta, mgonjwa anahitaji daktari. Hahitaji fundi." Alikuwa anasema kweli, lakini daktari alikuwa kule na mgonjwa alikuwa huku, na katikati kulikuwa na lile bonde la joto la Ruaha.

Nikakifunga. Tukawasha. Jenereta ikainama kidogo tu, kama mtu anayejitwisha ndoo, halafu ikanyooka, na hewa baridi ikatoka. Wale madereva hawakupiga makofi safari hii. Mmoja alikuja akaweka mkono wake pale hewa inapotokea, akaniambia, "Mzee, hii kweli."

Bwana Salehe alitaka niende nao. Nilimwambia kwamba ningekuwa mimi ningesafiri usiku, kuwe na ubaridi. Dereva wake akakataa katakata kushuka mlima Kitonga gizani na tela nyuma. Siwezi kumlaumu. Tukaondoka alfajiri, Landrova mbele, tela nyuma. Ndani ya tela tulikuwa Bi Zuhura kitandani, amewekewa mito mingi ili akae nusu, Bwana Salehe pembeni yake, na mimi kwenye kiti karibu na mlango. Nilimwamkia, "Shikamoo Mama." Akasema, "Marahaba mwanangu. Leo nasafiri kama waziri." Akatufanya tucheke wote.

Mpaka Iringa hatukuhitaji kiyoyozi. Tulifungua dirisha tu, naye alikuwa akichungulia na kuuliza hapa wapi, na pale wapi. Kuanzia Kitonga tukashuka taratibu, breki zinanuka, na kila kona hewa ilizidi kuwa nzito. Nilishuka kabla hatujafika chini nikawasha jenereta, kisha kiyoyozi. Kikaanza vizuri. Nikarudi ndani kwa raha.

Tulipokuwa Ruaha, kwenye bonde lenyewe, jenereta ikaanza kukohoa. Ikazima. Ilikuwa ni takataka za kwenye petroli, zimeziba chujio. Nilipiga sana ukuta mpaka dereva akasimama. Nikashuka kwenye lile jua, Yusta, sijui nikueleze vipi mtu wa Makambako anavyolisikia jua la Ruaha. Nikafungua chujio, nikalipuliza kwa mdomo, nikatema petroli, nikalirudisha. Jenereta ikawaka. Hiyo haikuchukua muda. Lakini kompresa ilikuwa imesimama ghafla katikati ya kazi, gesi imebana upande mmoja, na unajua ukiilazimisha wakati huo inagoma, na ikigoma inaweza kuungua kabisa. Stata ya polepole haisaidii hapo. Hapo ni kusubiri presha ishuke yenyewe.

Ndani kulikuwa tanuri. Bati la tela lilikuwa halishikiki. Bi Zuhura alikuwa amefungua mdomo, anavuta hewa kwa shida, na midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Bwana Salehe alikuwa anampepea kwa khanga.

"Washa, fundi!"

"Bado, Bwana Salehe."

"Jenereta si inanguruma? Washa!"

"Presha bado haijashuka. Nikiwasha sasa itaungua, tusiwe nayo tena."

"Unamwona? Unamwona mama yangu?"

Nilikuwa namwona. Mkono wangu ulikuwa kwenye swichi. Nilikuwa namtazama yeye na kuitazama swichi, na hakuna kitu chochote ambacho mtu yeyote angeweza kufanya duniani ila kusubiri. Bwana Salehe alisimama akanishika kola ya shati. Alikuwa analia na kupiga kelele kwa pamoja. Maneno aliyoniambia siyaandiki.

Bi Zuhura akainua kidole. "Salehe. Mwache mtu afanye kazi yake."

Akaniangalia. "Mwanangu fundi, hiyo mashine nayo inapumzika?"

"Ndiyo, Mama. Inapumzika kidogo ndipo iamke."

"Basi tupumzike wote."

Bwana Salehe akaniachia, akakaa sakafuni. Tukasubiri. Ile feni ilikuwa inazunguka na kutupulizia joto lile lile. Sikumbuki kama niliomba. Nadhani sikuomba, nilikuwa nasikiliza tu, maana gesi inaposhuka kuna mlio mdogo kwenye bomba, kama mtu anayevuta pumzi puani. Ulipokoma, nikawasha.

Kompresa ilishika bila kishindo. Juu ya meza kulikuwa na taa ndogo, na taa ile haikufifia hata kidogo. Nilifurahi, Yusta. Nataka ulijue hilo, kwa sababu sijamwambia mtu mwingine. Mama wa watu alikuwa pale anahangaika na roho yake, na mimi nilikuwa naangalia taa, nafurahi.

Tukagonga ukuta, dereva akaondoa gari. Baridi ikajaa taratibu. Bi Zuhura akafumba macho, pumzi ikatulia, hata Bwana Salehe akaniangalia akatikisa kichwa kama mtu anayeomba radhi. Tulikwenda hivyo kwa kitambo. Kisha Bi Zuhura akasema kwa sauti ya chini, "Nasikia baridi." Bwana Salehe akamfunika khanga ya pili. Mimi nikageuka kupunguza kiyoyozi, nikazungusha kile kitufe, nikasikiliza kama kimeitika. Nilipogeuka tena, Bwana Salehe alikuwa ameushika mkono wa mama yake kwa mikono yake miwili, anamtamkia shahada sikioni.

Hatukuwa na njia ya kumwambia dereva. Tuligonga ukuta, lakini barabara pale ilikuwa mbovu, tela linapiga kelele, hakusikia. Nikafungua dirisha nikapunga shati. Hakuona. Ikabidi tukae. Tulikwenda hivyo, sisi wawili na yeye, gari likizidi kutupeleka Dar es Salaam ambako hatukuwa tena na shughuli, na kiyoyozi kikinguruma vizuri kabisa, bila kasoro yoyote. Sijawahi kufunga mtambo ukafanya kazi vizuri kama ule.

Dereva aliposimama kujaza maji kwenye rejeta ndipo alipotukuta. Aliondoa kofia, akakaa chini barabarani.

Bi Zuhura alikuwa ameshasema zamani kwamba azikwe Makambako, karibu na mume wake. Tukageuza gari. Kupanda Kitonga kulikuwa kwa taabu, na tulipopita Iringa baridi ya kwetu ilianza kuingia yenyewe kupitia nyufa za mlango. Nikanyoosha mkono nizime.

"Acha," Bwana Salehe akasema.

"Nje kumeshakuwa baridi, Bwana Salehe. Haina haja tena."

"Najua. Acha."

Nikaacha. Kiliendelea mpaka Makambako, mpaka mlangoni kwake. Tulikuwa tunatetemeka wote wawili.

Njiani aliniuliza jambo moja tu. "Ungewasha mara ile niliyokwambia, ingekuwaje?" Nikamweleza tena habari ya presha, nikamweleza kwa urefu, mpaka nikajisikia naongea kama redio.

Nilipofika nyumbani mama yako alinibandikia maji ya moto. Nawe ukatoka ndani ukauliza, "Baba, bibi amepona?" Nikakwambia amepumzika. Ukaridhika, ukarudi kuchora. Nilikuonea wivu.

Baada ya hapo niliacha kugusa majokofu. Mtu akileta, namwambia sina vifaa. Nikawa narekebisha pasi na redio tu. Mama yako akalima zaidi ili tule, hakuninung'unikia, na hilo nalo lilikuwa zito. Sikuwa nimekosea popote, na hapo ndipo palikuwa na shida. Ningekuwa nimekosea ningejirekebisha. Nililala nikizifunga zile nyaya upya kichwani, natafuta nilipolegeza, na kila mara nazikuta zimekaza.

Kisha siku moja, mvua zilipoanza, Bwana Salehe akaja hapa nyumbani kwa miguu. Alikaa pale kwenye kigoda jikoni, mama yako akampa chai. Akawa anakizungusha kikombe bila kunywa.

"Fundi, nimekuja kukwambia kitu. Siku ile nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilijua kwamba hatafika. Tangu Iringa nilijua. Hata swichi ile nilijua huiwashi kwa sababu unajua kazi yako. Nilitaka tu mtu wa kumpigia kelele, na wewe ndiye uliyekuwepo."

Nilimwambia, "Chai itapoa." Ndivyo nilivyomjibu, Yusta, mtu aliyekuja kwa miguu kwenye tope kuniambia maneno kama yale. Lakini alikunywa chai, akakaa mpaka mvua ikakatika, tukaongea habari za bei ya mahindi. Wiki iliyofuata nikapokea jokofu la yule mama wa gesti.

Sasa unakwenda huko kwenye joto, kufunga vitu hivyo hivyo. Mikono yako ni mizuri kuliko yangu, nimeiona. Utajifunza stata ambazo mimi sitaziona. Si hayo yanayonikosesha raha. Kuna siku itakuja, sijui lini, wala sijui kwa nani, utafanya kila kitu sawasawa, na kazi yako itaitika vizuri mbele ya macho yako, na bado mambo yatakwenda yanakotaka kwenda. Siku hiyo mtu atakupigia kelele. Nami nitakuwa hapa, kwenye ukungu, sijui chochote, labda nakula ugali.

Tangu Jumapili nimetafuta neno la kukupa kwa ajili ya siku hiyo. Nimelitafuta kama nilivyokuwa nikizitafuta zile nyaya. Silioni. Nilidhani nikiandika habari yote litatokea lenyewe mwishoni, na sasa nimefika mwishoni na bado silioni. Baba anatakiwa awe nalo. Nisamehe, sinalo.

Ninachojua ni hiki tu, na ni kidogo: niliporudi siku ile mama yako hakuniuliza chochote, alibandika maji. Ukirudi, hata ukirudi na mikono mitupu, hata usiku, tutabandika maji.

Umesharudi, nakusikia uani unamcheka mbuzi. Mama yako anakuita uje ule. Unamwitikia, "Abee mama." Ameita tena, nadhani hakuna lolote analotaka, anaita tu. Ngoja niweke kalamu nisikilize na mimi.

Baba yako.